Bonde la Maziwa Mawili na Ulimi wa Kiongozi

Uhakiki umezoea kupima maneno yaliyokwisha kupigwa chapa. Lakini yako maneno mengine ambayo hutungwa kila siku, husikilizwa na watu wengi kuliko wanaosoma mashairi, na hutoweka jioni bila ya mtu kuyatia katika mizani. Miongoni mwa hayo ni hadithi ya kiongozi wa wageni. Asubuhi mabasi huondoka katikati ya jiji la Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, yakaelekea kusini katika milima ya Wicklow mpaka bonde la Glendalough, mwendo wa yapata kilomita 50, kisha hurejea mjini siku ile ile. Mbele ya abiria huketi mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Wageni hulipa ili wapelekwe kuona. Lakini sehemu kubwa ya kitu wanachokinunua ni usemi. Na usemi uliopangwa ili upendeze na ukumbukwe ni sanaa, hata kama mwenye kuusema hajapata kujiita msanii.

Shutuma ya kwanza anayotupiwa kiongozi ni kwamba yeye ni mwongo. Shutuma hii ni nyepesi, na Glendalough yenyewe yatosha kuikanusha. Mapokeo yanasema kwamba nyumba ya watawa ya bonde hilo ilianzishwa katika karne ya 6 na Mtakatifu Kevin. Husimuliwa kwamba katika siku za Kwaresima alikuwa akisali na mkono wake umenyoshwa nje ya dirisha, akaja ndege mweusi akatua kiganjani na kutaga mayai. Mtakatifu asiukunje mkono wala asiurudishe ndani mpaka makinda yakaanguliwa. Aliyeiandika ngano hii mwishoni mwa karne ya 12 alikuwa Gerald wa Wales, kasisi wa ukoo mmoja na wale walioivamia Ayalandi, ambaye aliwaandika watu wa nchi hiyo kwa dharau nyingi. Hata hivyo, ngano iliyo pole kuliko zote za bonde lile imehifadhiwa kwa kalamu yake. Ngano haichagui mchukuzi. Kiongozi anayeisimulia leo hasemi uongo. Anapokea mzigo ambao watu wengi wameupokea kabla yake.

Iko ngano ya pili, ya mwanamke aitwaye Kathleen, aliyempenda Kevin na kumfuata mpaka pangoni mwake juu ya ziwa. Katika masimulizi ya kale mtakatifu alimchapa kwa majani ya kuwasha, na mwanamke akatubu. Katika masimulizi ya baadaye alimsukuma ziwani akafa. Thomas Moore, mshairi wa Dublin, alichagua kifo, akakitilia wimbo mwanzoni mwa karne ya 19, wakati ambapo wasomaji walipenda mapenzi yanayoishia majini. Basi ngano mbili zipo, na kila kiongozi hana budi kuchagua. Uchaguzi huo ndio mahali pa uhakiki. Swali si kama jambo lilitokea. Swali ni kwa nini limechaguliwa hili likaachwa lile, na aliyechagua alikuwa akimtazama nani usoni.

Kwamba kiongozi humtazama mgeni usoni si jambo geni. Mwaka 1825 Walter Scott, mwandishi mashuhuri wa Uskoti, alifika Glendalough akapanda mpaka katika lile pango liitwalo Kitanda cha Mtakatifu Kevin. Lockhart, mkwewe, ameandika kwamba mwanamke aliyewaongoza alipoambiwa kuwa yule mgeni ni mshairi, alikataa katakata: hawezi kuwa mshairi, ni muungwana, kwa kuwa amempa nusu kroni. Kisa hiki huchekesha, lakini kinasema kweli nzito. Mgeni alikuja na kipimo chake, akapima mandhari. Mwenyeji naye alikuwa na kipimo chake, akampima mgeni. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Watu wa bonde lile walikuwa maskini, na ngano ilikuwa miongoni mwa bidhaa walizokuwa nazo. Kumlaumu mwenye njaa kwa kuipamba bidhaa yake ni kazi rahisi ya mwenye kushiba.

Miaka michache baadaye, mwaka 1831, Samuel Lover alichapisha kisa cha bonde hilo hilo, akakitia kinywani mwa kiongozi wa wageni. Mfalme O'Toole alikuwa na bata bukini aliyezeeka asiweze kuruka tena. Kevin akaahidi kumponya kwa sharti apewe nchi yote ambayo bata ataizunguka angani. Mfalme akakubali akidhani hasara itakuwa ndogo; bata akaruka akalizunguka bonde zima. Wasikilizaji hucheka, na wana haki ya kucheka. Lakini katika kicheko hicho imefichwa hati ya ardhi. Ni kisa cha nchi iliyobadili mwenyewe kwa sharti ambalo mwenye kuitoa hakulielewa. Katika Ayalandi, ambako ardhi ilinyang'anywa na kugawanywa mara nyingi, kisa kama hicho si mchezo wa watoto. Kiongozi hodari hukisimulia kwa namna ambayo kicheko kikiisha, jambo zito hubaki.

Hapa ndipo panapoonekana kasoro halisi ya hadithi hizi za safari, nayo si uongo. Kasoro ni kwamba mara nyingi hutenganisha uzuri wa mahali na sababu yake. Mfano mkubwa kuliko yote umo chini ya magurudumu ya basi lenyewe. Mabasi mengi hupita barabara ya mlimani inayovuka njia panda ya Sally Gap, katikati ya udongo mweusi wa majani yaliyooza, ambao wenyeji kwa karne nyingi wameukata, wakaukausha na kuuchoma badala ya kuni. Mgeni huona anga pana, vilima vya rangi ya zambarau na hudhurungi, na maji yanayometa chini. Barabara hiyo haikujengwa kwa ajili ya macho yake. Inaitwa Njia ya Kijeshi. Baada ya maasi ya mwaka 1798, waasi waliosalia walijificha katika milima hii, na majeshi ya serikali ya Uingereza hayakuwa na njia ya kuwafikia. Ujenzi ulianza mwaka 1800 ukamalizika mwaka 1809, na askari wenyewe walitiwa katika kazi hiyo. Kambi zilijengwa kando yake, Glencree, Laragh na kwingineko. Michael Dwyer, mkuu wa waasi wa Wicklow, alijisalimisha Desemba 1803, kabla barabara haijakwisha, akapelekwa uhamishoni Australia.

Wako viongozi wanaoyasema haya, na wasemayo hayo wastahili sifa. Lakini hata wanaposema, aghalabu husema kama habari ya pembeni: tarehe, jina, kisha basi husimama ili picha zipigwe. Sanaa ingedai zaidi. Ingedai mgeni ayaone mambo mawili kwa jicho moja: kwamba mahali anapoona mbali ni mahali palipokusudiwa askari waone mbali. Barabara inaonyesha sana kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya kufichua. Uzuri wake haupungui kwa kujua hivyo, hupata uzito.

Kuhusu sinema hapana haja ya kukaa sana. Wageni huonyeshwa mahali ambapo baadhi ya matukio ya Braveheart, sinema ya mwaka 1995, yalipigwa picha, milima ya Ayalandi ikajifanya Uskoti. Huonyeshwa pia Lough Tay, ambalo katika mchezo wa televisheni wa Vikings, ulioanza mwaka 2013, lilijifanya ghuba ya Norwei. Haya ni kweli, na wageni huyapenda. Lakini nchi ambayo sifa yake ni kufanana na nchi nyingine imekwisha kuondolewa nafsi, ijapokuwa haikuhamishwa hata jiwe moja. Majina yaliyoandikwa barabarani yana hadithi bora. Wicklow ni jina lililotoka katika lugha ya Wanorwei wa kale waliokuja kwa merikebu. Jina la Kiayalandi lililo juu yake katika kibao, Cill Mhantáin, maana yake ni kanisa la Mantan, wala halina udugu na lile la chini. Glendalough nalo ni Gleann Dá Loch, bonde la maziwa mawili, likiandikwa kama lilivyosikika katika sikio la Mwingereza. Kiongozi anapofasiri jina hilo, kwa dakika moja mahali huacha kuwa sauti tupu, na mgeni husikia kwamba palikuwa na watu waliopaita kwa maana.

Bondeni kwenyewe, mtihani huwa mgumu zaidi, kwa kuwa mahali panapendeza mno. Mnara wa mawe umesimama mita 30 hivi, na mlango wake uko zaidi ya mita 3 juu ya ardhi. Kwa nini mlango uko juu? Jibu la haraka ni kwamba watawa walipanda kwa ngazi wakaivuta ndani wavamizi walipokuja. Jibu hilo ni zuri kwa masikio. Lakini wataalamu hukumbusha kwamba jina la minara hii katika Kiayalandi, cloigtheach, maana yake ni nyumba ya kengele, na kwamba mlango ulio juu huacha sehemu ya chini ya ukuta ikiwa imara. Paa la mnara lilijengwa upya mwaka 1876. Kadhalika, mgeni anayesifu ukimya wa ziwa la juu hutembea kuelekea magofu ya wachimbaji wa madini ya risasi, kwa kuwa katika karne ya 19 mabonde haya yalikuwa na makelele ya kazi. Ukimya anaousifu kuwa ni wa kale una umri mdogo kuliko mnara, na una sababu.

Mwandishi aliyeijua Wicklow kwa namna nyingine ni John Millington Synge, aliyezaliwa mwaka 1871 Rathfarnham, mahali ambapo Njia ya Kijeshi huanzia. Mchezo wake In the Shadow of the Glen, uliochezwa Dublin mwaka 1903, umewekwa katika nyumba ya upweke mwishoni mwa bonde refu la Wicklow. Mzee hujifanya amekufa ili amnase mkewe. Mke, aliyechoshwa na ukungu na upweke, huondoka na mpita njia maskini. Baadhi ya wazalendo waliukasirikia, wakasema mwanamke wa Ayalandi hafanyi hivyo. Walitaka bonde lenye heshima. Synge akawapa bonde lenye mtu ndani yake. Yeye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa wenye mashamba, na alieleza kwamba usemi wa watu aliupata, pamoja na kwingineko, kwa kusikiliza vijakazi jikoni kupitia ufa wa sakafu katika nyumba moja ya Wicklow. Waweza kumlaumu kwa kuchungulia kwa sikio. Lakini alikuwa anasikiliza. Kiongozi katika basi hana ufa wa sakafu. Sauti huenda upande mmoja tu, na mgeni aweza kurudi mjini bila ya kusikia neno moja la mkazi wa bonde asiyelipwa kusema. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.

Hata hivyo, ngano iliyochakaa yaweza kufufuliwa. Seamus Heaney, katika diwani yake ya mwaka 1996, aliirudia ile ya Kevin na ndege mweusi, ambayo ilikuwa imekwisha kusimuliwa mara zisizo na idadi. Baada ya kuisimulia, alifanya jambo moja ambalo mazoea yalikuwa yamelisahau: aliuliza mkono ule ulihisi nini. Uliuma? Ulikufa ganzi? Au mwenye mkono alikuwa amejisahau kabisa? Swali hilo halihitaji nyaraka wala uchimbuzi. Lahitaji mtu akubali kwamba mtakatifu alikuwa na mwili.

Kutokana na hayo, kipimo cha hadithi ya kiongozi chaweza kutajwa wazi. Hadithi mbaya hujibu kila kitu kabla mgeni hajauliza, ikamrudisha mjini akiwa ameshiba na hana hamu. Hadithi njema humwambia kidogo kidogo mpaka aone kwamba barabara iliuma mtu, kwamba jina lilikuwa neno, kwamba ukimya ulikuwa kazi ya mikono. Haimnyimi kicheko cha bata bukini, wala haimhutubii. Siku moja haitoshi kuijua nchi, na mwenye kuahidi vinginevyo anauza asichonacho. Lakini siku moja yatosha kumfunza mtu kwamba hapajui, naye akashuka kutoka katika basi ana swali moja alilokuwa hana asubuhi. Kiongozi aliyeweza hilo amefanya kazi ya fasihi, na jina lake lastahili kuulizwa kama linavyoulizwa jina la mtunzi.