Gitaa la Pili la Kilimambogo

Muziki wa benga wa Wakamba ukisifiwa, sifa humwendea mpiga gitaa la solo. Leo nataka kumsifu jirani yake, mpiga rithimu, hasa yule anayesikika katika santuri za Kakai Kilonzo na bendi yake, Les Kilimambogo Brothers.

Msikilize kwa makini. Ngoma kubwa inapiga kila pigo bila haraka. Besi inatamka maneno machache, kisha inampisha mwimbaji. Juu yake rithimu inazunguka: noti chache, nyepesi, zikirudi na kurudi, zikipishana na solo kama nyuzi za kyondo, kikapu cha kusukwa, ambako hakuna uzi unaokaa peke yake.

Ufundi huu una ukoo. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke huko Katanga, Kongo, akipiga "Masanga": gumba likishika besi, kidole cha shahada kikiimba juu. Wapiga benga walichukua magitaa ya umeme, wakaigawa kazi ya mkono mmoja kwa watu watatu. Mkono wa mtu hujipatanisha wenyewe; watu watatu sharti wasikilizane.

Santuri ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mara nyingi ulikatwa na kuendelea upande wa pili. Huko waimbaji hunyamaza na klaimaksi, sehemu ya magitaa, huanza. Solo inapanda, rithimu haiifuati. Inabaki pale pale, na kwa kubaki kwake ndipo tunapotambua solo imepanda kiasi gani. Mpiga rithimu akipandwa na jazba naye, wimbo umevunjika.

Kakai alizaliwa mwaka 1954 na kufariki mwaka 1987. Aliimba Kikamba na Kiswahili. Hapa Makindu, mji wa reli na barabara ya Mombasa, faida ya uamuzi huo ni dhahiri: msafiri wa kabila lolote hupata neno lake. Lakini hata asiyeelewa neno hushikwa na lile gitaa la pili.

Kijana anayetaka kupiga benga aanze nalo. Ajifunze kurudia noti zake chache bila kuchoka na bila kutafuta makofi, huku sikio lake likiwa kwa wenzake. Solo itamjia baadaye, na itakuwa na mahali pa kusimama.