Simu ya Boksi na Simu ya Mkononi



Ukipita leo kwenye maduka ya simu, yawe ya Mombasa, ya Darajani Unguja au ya Kariakoo, utamsikia muuzaji akiisifu bidhaa yake kwa hesabu tupu. Hii ina kamera ya megapikseli hamsini. Ile ina ramu ya gigabaiti nane. Ile nyingine betri yake ni elfu tano. Mnunuzi naye huitikia kwa kichwa, na aghalabu haulizi hizo elfu tano ni elfu tano za nini. Na hao wajiitao wachambuzi wa simu, wengi wao kazi yao ni kuisoma karatasi ya boksi kwa sauti nzuri. Twataka kuusema mtindo huu, kwani simu moja ya kisasa hula mshahara wa mwezi mzima wa mtu wa kawaida, na wengine huinunua kwa deni.

Swali lenyewe ni hili: katika simu, kipi kina uzito zaidi, vifaa vilivyotiwa ndani yake, au namna inavyomtumikia mwenyewe akiishika? Sisi twasema mwamuzi ni matumizi. Lakini jawabu hilo lina mwiba ndani yake, na wengi walitoao huuruka.

Tazama yaliyopita mwaka 2007. Katika mwaka huo Nokia, ambayo ndiyo iliyokuwa sultani wa simu duniani, ilileta sokoni simu yake ya N95. Kamera yake ilikuwa ya megapikseli 5, ilichukua picha za video, ilikuwa na mtandao wa 3G, na ilijua mahali ilipo kwa kupokea ishara za setilaiti. Mwaka huohuo Apple ya Marekani ikatoa iPhone yake ya kwanza. Kamera yake megapikseli 2. Video haikuchukua. Mtandao wa 3G haikuwa nao. Hata kunakili maneno mahali pamoja na kuyabandika pengine haikuweza, na ilikaa hivyo mpaka mwaka 2009. Kama hukumu ingekuwa ya karatasi, Apple ingelipata aibu siku ya kwanza. Yaliyofuata wayajua: mwaka 2013 Nokia ilitangaza kuiuza biashara yake ya simu kwa Microsoft, na mwaka 2014 mauzo yakakamilika.

Sasa wapenzi wa upande wa pili huichukua hadithi hii wakasema: “Mwaona? Vifaa si kitu.” Hapo ndipo wanapokosea. iPhone ile ilikuwa na kifaa kimoja kilichoshinda vyote vya mwenzake, nacho ni kioo kinachohisi kidole kikigusa tu, bila kubonyezwa, na kinachovitambua vidole viwili kwa pamoja. Hicho ni kifaa, tena cha gharama. Tofauti ni kwamba aliyekitia alianza kwa kuutazama mkono wa mtu, kisha ndipo akatafuta kitu cha kuufaa. N95 ilikuwa na mengi, lakini kuyafikia ilibidi upite mlango baada ya mlango kwa vitufe vidogo. Basi kuna vifaa vinavyotiwa kwa ajili ya mkono, na kuna vifaa vinavyotiwa kwa ajili ya boksi. Mchambuzi wa kweli kazi yake ni kuvitenga hivi na vile.

Na wala huna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka huo huo wa 2007, mwezi wa Machi, Safaricom ya Kenya ilianzisha M-PESA. Haikutaka kioo kikubwa wala kamera wala intaneti. Ilipita katika kadi ya laini, kwenye simu ya bei ya chini kabisa, hata zile za tochi ambazo Wakenya walizipa jina la mulika mwizi. Maneno machache ya kuchagua, nambari ya siri, na mama aliye Lamu apokea fedha za mwanawe aliye Nairobi. Ni simu ngapi za gharama zilizobadilisha maisha ya watu kiasi hicho?

Turudi kwenye hesabu za boksi, maana hapo pana hila nyingi. Mwaka 2020 Samsung ilitoa simu ya Galaxy S20 Ultra yenye kamera ya megapikseli 108. Nambari ni kubwa kweli, lakini simu hiyo ukiiacha katika hali yake ya kawaida huzikusanya nukta tisa ikazifanya moja, na picha itokayo ni ya megapikseli 12. Kisha picha hiyo ya arusi waituma kwa WhatsApp kwa jamaa aliye Maskati, nayo WhatsApp kwa desturi yake yaibana tena. Jamaa amefurahi, amewaona bibi na bwana arusi. Megapikseli 108 zimebaki kwenye boksi. Na zile simu za bei nafuu zenye “kamera nne” mgongoni, mara nyingi mbili kati yake ni za megapikseli 2 tu, zimetiwa ili idadi ipatikane.

(Kwa kuwa tumeitaja simu hiyo: ilisifiwa pia kwa kuusogeza mwezi mara mia. Mwaka 2023 mtu mmoja aliitia ukungu picha ya mwezi kwenye kompyuta, akaipiga kwa simu ya Samsung ya namna hiyo, na simu ikamrudishia mwezi wenye mabonde ambayo hayakuwamo kwenye ile picha. Kampuni ilieleza kuwa simu hutumia akili bandia kuupamba mwezi inapoutambua. Sisi tunaobishana kila mwaka juu ya mwandamo, picha kama hiyo tusimpelekee kadhi.)

Mbaya zaidi ni zile alama za mwendo wa simu zinazotolewa na programu za majaribio, ambazo wachambuzi huzitegemea kama mizani ya sonara. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba Galaxy S4 ilikuwa ikizitambua baadhi ya programu hizo, na ikizitambua huongeza nguvu. Jaribio likiisha, hurudi kwenye mwendo wake. Mwaka 2019 Samsung ilikubali mapatano yaliyothaminiwa dola milioni 13.4 kuimaliza kesi iliyofunguliwa Marekani juu ya jambo hilo. Huawei nayo, mwaka 2018, baadhi ya simu zake ziliondolewa kwenye orodha ya 3DMark kwa sababu ya mfano huo. Mfanyabiashara wa soko la samaki akiuchezea mzani wake, mtaa mzima humjua kabla ya alasiri. Hawa mzani wao uko ndani ya kitu wanachokuuzia.

Lakini mwiba tulioutaja uko wapi? Uko hapa: hayo matumizi mazuri hukuyashika kama unavyokishika kifaa. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikizipunguza mwendo iPhone za zamani ambazo betri zao zimechakaa. Sababu waliyoitoa ina maana, kwani betri iliyochoka huweza kuizima simu ghafla. Lakini wenye simu hawakuambiwa waziwazi. Watu walilala na simu moja wakaamka na nyingine, na wengi wakadhani ni wakati wa kununua mpya. Vifaa vya ndani havikubadilika hata kimoja. Kilichobadilika ni agizo lililotumwa kutoka mbali. Basi mtu akikuambia usijali vifaa, tazama raha tu, muulize raha hiyo ufunguo wake uko kwa nani.

Tena kuna jambo ambalo wenye fedha hawalioni. Kwa anayenunua simu ya elfu ishirini kurudi gigabaiti moja si pambo. Simu ya gigabaiti 16 za kuhifadhi, programu za kuiendesha peke yake zaweza kula karibu nusu yake. Baada ya miezi michache ya picha na sauti za WhatsApp imejaa, na kila asubuhi mtu akaa kufuta. Hapo upungufu wa kifaa ndio taabu yenyewe ya matumizi, hapana tofauti. Kwa hiyo hesabu zina maana kubwa chini, kwenye simu za wanyonge, na maana yake hupungua kadiri bei inavyopanda. Ajabu ni kwamba wachambuzi hubishana juu ya tofauti ndogo za simu za juu, na hizi za chini huzipita kwa sentensi mbili.

Hesabu, basi, si adui. Yategemea ni hesabu ya nini. Tangu tarehe 20 Juni 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zimewalazimisha watengenezaji kuambatanisha na simu karatasi ya namna nyingine: betri yakaa saa ngapi kwa chaji moja, yavumilia kuchajiwa mara ngapi, simu yastahimili vipi kuanguka, na yatengenezeka kwa wepisi gani. Pia wameamuru betri isipungue asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, na masasisho yaendelee kwa miaka mitano angaa baada ya mtindo huo kuacha kuuzwa. Hizo nazo ni nambari, lakini ni nambari za mkononi.

Sheria hiyo haitufikii sisi. Hata hivyo hapana anayekuzuia, ndugu msomaji, usimame mbele ya muuzaji na umuulize: simu hii itasasishwa mpaka mwaka gani? Kisha kabla ya kutoa fedha pita kwa fundi wa mtaani kwako, umtajie jina lake, umuulize kioo na betri zake zapatikana, na kwa bei gani.