Dola 71.62 Zisizoandikwa

Kanuni za kadi za mkopo nchini Marekani zimeambatishiwa kielelezo cha taarifa ya mwezi: benki isiyo na jina, mteja wa kubuni, kipindi cha Februari 21 hadi Machi 22, 2012. Nimekisoma kama ninavyosoma hadithi fupi, maana ndivyo kilivyojengwa.

Muhtasari unaanza na salio la nyuma, dola 535.07. Zinatolewa 450.00 alizolipa mteja na 13.45 alizorudishiwa. Kisha yanaongezwa manunuzi 529.57, deni lililohamishwa kutoka kwingine 785.00, fedha taslimu 318.00, ada 69.45, na mwisho kabisa riba 10.89. Salio jipya: 1,784.53. Hesabu ni sahihi hadi senti ya mwisho. Lakini tazama kinachorukwa. Baada ya kutoa malipo na marejesho zilibaki dola 71.62, na hizo hazikupewa mstari wake. Hapo ndipo kisa kinapogeuka: mteja hakumaliza deni la mwezi uliotangulia, na kwa kawaida asiyemaliza hupoteza nafasi ya kununua bila riba. Tukio zito kuliko yote limeachwa kati ya mistari. Atakayeliona ni yule aliyeshika kalamu akatoa mwenyewe. Riba nayo, kwa kuwekwa mkiani nyuma ya tarakimu nono, inaonekana kama chenji.

Salio hilo lilifungwa Machi 22, na mwisho wa kulipa ni Aprili 20. Kilichonunuliwa katikati hakimo. Ndiyo maana programu ya benki kwenye simu inaweza kuonyesha tarakimu tofauti na ya karatasi bila yeyote kukosea. Kwa asiyedaiwa ya nyuma, kulipa yote ya karatasi kwa wakati ndiko kunakomkinga na riba ya manunuzi.

Karibu na salio kimesimama kiwango cha chini cha kulipa, dola 53. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Neil Stewart wa Chuo Kikuu cha Warwick alionyesha, kwa taarifa za majaribio, kwamba miongoni mwa wanaolipa sehemu tu ya deni, walioonyeshwa kiwango hicho walilipa kidogo kuliko ambao hawakuonyeshwa. Kuwepo tu kwa tarakimu ni ushauri tosha.

Sehemu iliyoandikwa vizuri kuliko zote ni jedwali ambalo sheria ya 2009 ilizilazimisha benki kuliweka. Kiwango cha chini pekee: miaka 10 kumaliza deni, jumla dola 3,284. Dola 62 kila mwezi: miaka 3, dola 2,232. Mwezi wa kwanza tofauti ni dola 9 tu! Hapa maandishi yanaacha kusimulia yaliyopita, yanamgeukia msomaji na kumhesabia miaka yake. Kasoro ninayoiona ni sharti lake, kwamba asinunue tena chochote kwa kadi hiyo: limewekwa kwenye kichwa cha safu, ambako jicho linalokimbilia tarakimu halitui. Ningeliandika chini ya hiyo 3,284, kwa herufi za ukubwa uleule.