Neno lisilo na jina

"Mwenye haki haogopi kuandika jina lake." Maneno haya tumeyasikia mara nyingi hapa Likasi, hata vinywani mwa mapadri wenzetu. Husemwa kila mara habari mbaya inapopita katika matelefone na mtungaji wake hajulikani. Tena huongezwa hivi: serikali imlazimishe kila anayeandika kujulisha jina lake la kweli, na fitina itakwisha. Twataka kulipima neno hili, kwani lina sura ya haki, lakini ndani yake mna kosa.

Tusiwadharau wanaolisema, wana sababu. Twamfahamu katekista mmoja aliyesingiziwa kwamba amekula makuta ya sadaka. Habari ilitoka kwa namba isiyojulikana, ikaenea mtaa mzima kabla jua halijatua. Hesabu zilipotazamwa, hakuna hata franka moja iliyopotea. Lakini watoto wake walikuwa wamekwisha kuchekwa shuleni, na hakuonekana mtu wa kuja kumwomba msamaha.

Lakini tumeona na jambo la pili. Mtu asiyejitaja alieneza picha za mfereji ulioleta maji machafu toka kiwandani mpaka penye mashamba ya mboga. Wakaaji wote walijua kwamba ni kweli, wala hakuna aliyethubutu kutia sahihi. Sababu gani? Kila baba wa nyumba alipata posho yake toka kiwanda kilekile, ao alitumaini kuipata.

Basi watu hawa wawili wote wameficha jina. Wa kwanza amelificha ili adhuru, wa pili ili asidhuriwe. Katika Morali tumefundishwa kutenganisha kitendo na nia yake. Sheria inayowakamata wote wawili kwa kamba moja haijatenganisha kitu.

Wengine watajibu: "Mwenye kusema kweli, serikali itamlinda." Sisi watu wa Katanga tungepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Mwaka 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mishahara, hapa kwetu (wakati ule Jadotville) na Elisabethville pia. Karani Léonard Mpoyi aliwasemea wenzake wazi, uso na jina vikijulikana. Tarehe 9 mwezi wa 12 aliuawa katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, pamoja na wengine wengi. Alikuwa na haki, na jina lake halikumlinda.

Tutazame na mambo ya siku zetu. Sheria yetu juu ya mambo ya numeriki, ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inamwadhibu mwenye kuanzisha ao kupitisha habari ya uongo juu ya mtu: kifungo cha mwezi mmoja mpaka sita, ao faini ya franka 500.000 mpaka 1.000.000, ao vyote viwili. Mwaka uleule, tarehe 31 mwezi wa 8, gazeti Jeune Afrique lilitoa habari isiyo na jina la mwandishi juu ya kifo cha mbunge Chérubin Okende. Siku nane baadaye Stanis Bujakera, mwandishi wa gazeti lile, alikamatwa Kinshasa. Matelefone yake yakachukuliwa, akashtakiwa kwamba ndiye aliyepitisha hati iliyotajwa katika habari ile. Gazeti lilisema kwamba si yeye aliyeiandika. Tarehe 18 mwezi wa 3 mwaka 2024 tribunali ilimhukumu miezi sita. Kesho yake akatoka, kwani alikuwa amekwisha kukaa gerezani zaidi ya miezi ile. Upande wa mashtaka ulisema hati ni ya kughushi. Haya, lakini ili kulijua hilo, ilifaa kuichunguza hati, mtu akiwa huru nyumbani kwake.

Ndugu zetu wa Tanzania wana mfano wao. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa Jamii Forums, alikamatwa mwezi wa 12 mwaka 2016, kwani alikataa kuwapa polisi majina ya watu walioandika kwake. Mwezi wa 4 mwaka 2020 korti ya Dar es Salaam ilimtoza shilingi 3.000.000, ama sivyo afungwe mwaka mmoja.

Je, sheria ya namna hii huzaa matunda angalau? Korea ya Kusini iliijaribu toka mwaka 2007. Mwaka 2011 wezi waliiba habari za watu kadiri ya milioni 35 kwa kompani moja. Mwaka 2012 korti ya katiba ikaifuta sheria, ikisema kwamba haikuonekana wazi kuwa maandiko mabaya yamepungua.

Tusiseme basi kwamba kila neno lisilo na jina ni jema. Mwaka 2020 Roma, katika mwongozo wake juu ya makosa ya wakleri kwa watoto, iliagiza kwamba shtaka lisilo na jina lisihesabiwe kuwa uongo kwa sababu hiyo tu. Lakini lipokewe kwa uangalifu mkubwa, wala watu wasitiwe moyo kushtaki hivyo. Ndiyo njia tunayoitafuta: kulipima neno lenyewe kabla ya kumwinda msemaji wake.

Kwa hiyo twawaomba mafratri, mapadri na makatekista mambo mawili. Kwanza, habari inayochafua jina la mtu isipite katika telefone zetu, hata kwa rafiki mmoja, kama hatujaihakikisha. Pili, habari inayotaja hatari ya watu wengi, twende tukaione kwa macho. Tena ikiwa ni kweli, tutie sisi sahihi. Padri hafukuzwi kiwandani, wala nyumba yake si ya kompani. Jina lake laweza kubeba neno ambalo jina la mfanyakazi haliwezi.

Mfereji ule tuliousema ulikuwa mwendo wa nusu saa toka misioni. Tulizitazama picha zake, tukaulizana kwa muda mrefu ni nani aliyezituma. Hatukwenda kuutazama.