Tamko la Falsafa ya Ufundishaji: Insha Isiyo na Mwanafunzi

Miongoni mwa maandishi yatakiwayo kwa mwanafunzi wa uzamili au uzamifu aombaye kazi ya uhadhiri limo tamko la falsafa ya ufundishaji: insha fupi, aghalabu ya ukurasa mmoja au miwili, ielezayo mwandishi afundishavyo na sababu zake. Utanzu huu umeota mizizi katika vyuo vya Marekani, na kwetu nao wabisha hodi. Hauna budi basi kuhakikiwa kama tanzu nyingine.

Kasoro yake kubwa ni kwamba mwanafunzi hutajwa kila mahali, ila haonekani popote. Twaambiwa kuwa yeye ndiye kitovu cha somo. Hatuambiwi ametoka wapi wala azungumza lugha gani. Tamko la namna hiyo laweza kuhamishwa kutoka Nairobi hadi Chicago bila kubadilishwa neno, na kwa hiyo halimfungi mwandishi wake kwa lolote.

Tuchukue Kambu, katika Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, baina ya Kibwezi na Mtito Andei. Mtoto Mkamba wa huko hulijia somo la Kiswahili akiwa na lugha yenye irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Lugha yenye mũndũ na andũ, kĩndũ na syĩndũ. Ngeli si jambo geni kwake. Je, mwalimu aanze na ulinganisho, au na orodha ya kukariri? Katika uamuzi huo ndimo falsafa idhihirikamo, na mhadhiri atakayewafunza walimu wa Kambu yafaa atuambie msimamo wake.

Yamkini mtu atapinga kwamba mwanafunzi wa uzamili hajafundisha vya kutosha. Hoja hii ina uzito, lakini somo moja lililoelezwa kwa ukamilifu latosha. Aidha, lawama si yake peke yake: waajiri wakipima ulaini wa kauli, wataletewa ulaini.

Kielelezo tunacho. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe katika chuo kikuu cha Nairobi. Hawakuuita falsafa ya ufundishaji. Hata hivyo walitaja kitovu, yaani Afrika, wakatoa sababu, kisha wakapendekeza masomo, fasihi simulizi na fasihi ya Kiswahili zikiwemo. Waraka huo ulipingika kwa sababu ulisema jambo.

Idara zetu basi zidai mambo matatu: wanafunzi ni akina nani, somo moja lilifundishwaje, na ni ushahidi gani ungemfanya mwandishi abadili njia. Na aombaye kufundisha Kiswahili aliandike tamko lake kwa Kiswahili. Asipoweza kuieleza kazi yake kwa lugha hiyo, hatutakuwa na haja ya kuendelea kusoma.