Dramu Chini ya Ngazi

Led Zeppelin si bendi yangu, nakiri mapema. Mwimbaji wao, Robert Plant, hupiga mayowe mahali ambapo kuimba kungetosha, na ule wimbo wao wa ngazi ya kwenda mbinguni, unaopigwa redioni hadi leo, nauona mrefu kuliko unachokisema. Ngazi ninayoipenda mimi ni nyingine, na imo katika albamu ileile yenye wimbo huo, ya Novemba 1971. Haitajwi popote katika mashairi. Unaisikia tu, kwenye dramu za wimbo wa mwisho, When the Levee Breaks.

Wimbo wenyewe si wao. Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie waliurekodi 1929, miaka miwili baada ya mafuriko makubwa ya mto Mississippi. Zeppelin walijaribu kwanza kuurekodi studio, London, ukagoma. Baadaye wakahamia Headley Grange, jumba la mawe la Hampshire lililojengwa 1795 kuhifadhi maskini, bovu na lenye baridi. Studio ya kutembea ya Rolling Stones, iliyofungwa ndani ya lori, ikaegeshwa nje.

Hapo ndipo pana mambo. Kawaida, ukitaka kurekodi dramu, unaisogezea kila ngoma mikrofoni yake: moja kwenye ile ngoma kubwa ya mguu ambayo maprodyuza wetu huiita kiki, moja kwenye ile ngoma ndogo iitwayo snea, nyingine juu ya matoazi. Kila kitu kinasikika safi, na kikavu kama biskuti. Safari hii dramu za John Bonham ziliwekwa kwenye ukumbi wa kuingilia, chini kabisa ya ngazi iliyopanda ghorofa kadhaa. Andy Johns, fundi wa sauti, akatumia mikrofoni mbili tu, Beyerdynamic M160, zikaning'inizwa juu huko ngazini, zikielekezwa chini. Nani alitoa wazo? Jimmy Page, mpiga gitaa wao, ana simulizi lake, Johns ana lake. Mimi naona deni kubwa ni la aliyejenga ukumbi ule.

Kama unataka kujua kilichotokea, nenda kwenye jengo lolote refu, simama chini ya ngazi, piga kofi moja. Utasikia kofi, halafu utausikia ukuta, halafu kitu kama pumzi kinachopanda juu. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo kila mita tatu na ushee huichelewesha milisekunde 10. Mikrofoni iliyo karibu na ngozi ya ngoma haiujui mchezo huo, inasikia fimbo. Iliyo juu inapokea pigo likiwa limeshachanganyika na majibu ya kuta. Ngoma na nyumba vinafika pamoja, kama kitu kimoja.

Kisha Johns akaipitisha sauti hiyo kwenye kompresa. Mtambo huu hushusha kishindo kinapozidi, halafu hukiachia; kishindo kikishapita, yale mabaki madogo ya mwangwi yanapandishwa. Ndiyo maana katika rekodi hii mkia wa pigo unakaribia ukubwa wa pigo lenyewe. Juu yake ikaongezwa Binson Echorec, mashine ya mwangwi ya Kiitalia. Sikiliza kiki kwa makini: nyuma yake kuna kivuli, pigo dogo linalofuata kwa karibu mno, kana kwamba Bonham ana mguu wa tatu.

Lakini wanaoiga sauti hii hununua mikrofoni zilezile na bado wanakosa, kwa sababu wanasahau mwendo. Wimbo huu unakwenda kwa mapigo kama 70 kwa dakika. Piga hesabu: kati ya pigo na pigo kuna zaidi ya nusu sekunde, karibu tisa ya kumi. Nafasi hiyo ndiyo mwangwi unamoishi. Mpiga dramu mwenye haraka, au anayejaza kila upenyo ili aonekane fundi, atapata tope. Bonham, ambaye watu humsifia nguvu za mikono, hapa sifa yake ni kusubiri.

Uzito uliobaki ni kazi ya mkanda. Gitaa na hamonika vilirekodiwa kwa kasi zaidi, kisha mkanda ukapunguzwa mwendo, sauti ikashuka na kunenepa. Hamonika ikawekewa pia mwangwi wa kinyume: mkanda unageuzwa, mwangwi unarekodiwa, mkanda unarudishwa, na sasa mwangwi unatangulia sauti iliyouzaa. Sauti ya Plant naipita. Safari hii haisumbui.

Phil Collins alipiga dramu katika albamu ya tatu ya Peter Gabriel, iliyotoka 1980, na fundi Hugh Padgham akafanya jambo la kuvutia. Naye aliuachia mwangwi wa chumba uvimbe kwa kompresa, lakini akaweka mtambo wa kuukata ghafla, kama mlango unaobamizwa. Mara ya kwanza ilikuwa akili kubwa. Baadaye ikawa ugonjwa: nusu ya nyimbo za pop za miaka hiyo zina snea inayolipuka na kunyamaza, na leo unaijua tarehe ya wimbo kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Dramu za Headley Grange hazina tarehe ya namna hiyo. Beastie Boys walizikata na kuzitumia 1986, katika wimbo unaofungua albamu yao ya kwanza, na zikakaa kwenye hip hop bila mtu kushangaa.

Ukitaka kuzisikia, usitumie spika ya simu. Kiki haitoki humo. Tafuta spika kubwa, au hata spika za masikioni zilizo nzuri, na urudie zile sekunde chache za mwanzo, kabla hamonika haijaingia.