Chini ya Meza

"Marahaba," alisema mzee wa Keko, kisha papo hapo akauliza, "Harusi lini?"

Sikuwa nimemtajia harusi. Nilikuwa nimesema tu kwamba nataka meza ya mninga ya watu sita, na kwamba nimeelekezwa kwake na kijana wa bodaboda. Lakini mtu anayekuja Keko, Dar es Salaam, na vipimo alivyoviandika nyuma ya kadi ya mchango hajifichi. Nikamwambia: mpwa wangu, binti wa dada, anaolewa baada ya wiki tatu. Mzee akainua macho kwenye kenchi za banda lake, alikokuwa amelaza mbao zake, akazihesabu kimoyomoyo.

"Wiki tatu kanunue friji," akasema, akarudi kwenye randa yake.

Ningeweza kununua meza siku ileile. Barabara ya Chang'ombe ina meza nyingi kuliko miti. Zimepangwa mpaka ukingoni mwa lami, vanishi yake inang'aa kama imelowa, na kompresa inanguruma nyuma yake tangu asubuhi. Vijana wanaozitengeneza si wavivu, nisije nikasingiziwa kusema hivyo. Wana mikono myepesi kuliko nitakavyowahi kuwa nayo mimi. Ila ubao wanaopewa umetoka Mufindi juzi, paina iliyokatwa ikiwa bado na maji yake, na mteja anaitaka Ijumaa. Kwa hiyo inapigwa randa ikiwa mbichi, inajazwa puti, inapakwa rangi ya kahawia iliyokoza na kupelekwa barabarani. Nilimsikia mama mmoja akiuliza, "Hii mninga?" Muuzaji, mtu mwaminifu kwa namna yake, akajibu, "Rangi ya mninga." Wakapatana bei.

Nikarudi kwa mzee. Nilikaa juu ya gogo nikamtazama akifanya kazi hadi aliponichoka, akanionyesha ubao mmoja kule juu. Huo, alisema, ulitoka Urambo, una mwaka wa tano pale darini. Ubao wa inchi moja unadai walau mwaka mmoja wa kukaa kivulini bila kuguswa. Huu wa inchi mbili aliuongezea kwa mapenzi tu. Mbao zinapokauka zinapinda, zinapasuka, zinakasirika, na ni heri zikasirike zikiwa bado mbao kuliko zikasirike zikiwa meza ya watu.

Na mninga wenyewe haujawahi kuwa na haraka. Waliokulia kwenye miombo ya Tabora na Katavi wanaujua mche wake: unachipua mvua zikinyesha, kiangazi au moto unaukausha, na anayeupita anadhani umekufa. Kumbe chini mzizi unanenepa. Mwaka unaofuata unachipua tena, unakauka tena. Unaweza kuendelea hivyo miaka mingi, hadi siku mzizi utakaposhiba ndipo mti unaposimama kweli. Baada ya hapo unahitaji miongo ya kunenepa kabla haujafaa kupasuliwa mbao. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu, na mtoto akiuona mara ya kwanza hukimbia akidhani kuna mtu ameumia. Mti ulioishi hivyo, sisi tunautakia wiki tatu.

Nilipoondoka Keko siku ile nilikuwa nikiifikiria meza nyingine.

Mwaka 1974 dada yangu alipozaliwa, Tabora, baba mkubwa alikuja kutuona. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Alimtazama mtoto, akatazama mkeka tuliokuwa tukilia chakula, akasema, "Watu wameongezeka, mtakula wapi?" Akaondoka. Wiki ile ile akaanza kukusanya mbao za makasha yaliyokuwa yakitupwa stesheni. Zilikuwa mbao nyeupe, laini, za miti isiyo ya kwetu, zenye matundu ya misumari na herufi nyeusi zilizopigwa muhuri. Alizianika nyuma ya nyumba yake hata tukamsahau. Dada alikuwa tayari anakaa bila kuegemezwa meza ilipokuja, imebebwa na watu wawili, miguu juu, kama mbuzi wa sherehe.

Ilikuwa nyeupe. Mama alishukuru, lakini nadhani baba mkubwa aliona jicho lake. Akaniambia nikamletee maji ya uvuguvugu kwenye bakuli. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ndani yake punje nyeusi zinazometameta: pamanganeti, ile ile tuliyosafishiwa vidonda zahanati. Punje chache tu na bakuli zima likawa zambarau. Akachovya kitambaa, akapaka meza yote kwa mikono mirefu, kutoka ncha hii hadi ile, bila kuinua mkono katikati. Tukawa na meza ya zambarau.

"Shemeji!" mama alisema, na sauti yake naisikia hadi leo.

"Subiri," alisema baba mkubwa.

Tulisubiri. Mama alirudi jikoni kusonga ugali kwa hasira, mwiko ukigonga sufuria. Mimi sikuondoka. Niliona zambarau ikianza kufifia pembeni, ikawa rangi ya zabibu, ikawa rangi ya kutu, kisha kutoka ndani ya ubao, kana kwamba ilikuwemo siku zote, ikapanda kahawia. Mistari ya mti ambayo haikuonekana kwenye weupe ikajichora yote. Ugali ulipoiva meza ilikuwa kahawia ya chai ya rangi, na mama alipotoka na sufuria alisimama mlangoni, akasahau kukasirika. Nimeona mambo makubwa tangu hapo, nimepanda ndege, nimeona bahari ikiwaka usiku kwa taa za wavuvi wa dagaa. Sijaona rangi ikifika polepole namna ile.

Chini ya meza hakupaka rangi ile, wala polishi aliyoipaka juu yake baadaye. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Anayetaka kujua ni mti gani, ainame."

Niliinama sana. Chini ya meza ile ndipo nilipojifunzia kusoma, nimelala chali, nikifuatisha kwa kidole herufi za makasha: nusu ya neno huku, nusu ya neno jingine kule, mshale unaoelekeza juu ambao sasa ulielekea ukutani. Kwa miaka mingi nimesimulia jibu la baba mkubwa kama somo la uaminifu wa fundi. Nikamsimulia na mzee wa Keko, nikitegemea atatikisa kichwa kwa kukubali.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Meza ilipinda?"

Nikanyamaza. Ilipinda. Chai ikimwagika popote ilikimbilia upande wa baba, na sisi tulizoea kucheka.

"Ubao unapumua juu na chini," alisema mzee. "Ukiuziba juu ukauacha wazi chini, upande mmoja unavuta unyevu, mwingine hauvuti. Lazima uinuke. Mimi chini napaka sawa na juu." Akaona uso wangu. "Lakini huyo alikuwa fundi. Wengi hawafikiri chini kabisa."

Tukakubaliana, yeye kutengeneza na mimi kungoja. Siku ya send-off nilikuwa na aibu tupu mkononi. Mashangazi waliingia wakicheza na majiko ya gesi, seti za vyombo, pasi, godoro lililobebwa na watu wanne. Mimi nilikwenda Keko asubuhi yake nikamwomba mzee anipe chochote. Akanipa mguu mmoja wa meza, ulionyooka, umepigwa msasa, haujapakwa kitu. Nikauviringishia khanga, na mshereheshaji alipoita "mjomba wa bibi harusi!" nikaingia ukumbini nikicheza na mguu wa meza. Watu walicheka hadi wakalia. Mpwa wangu aliupokea kwa mikono miwili, akaunusa. Mninga una harufu tamu ikiwa mbao imeranduliwa karibuni. Alikaa nao mapajani muda wote wa keki.

Meza ilifuata miezi minne baadaye. Nilikwenda Keko kila Jumamosi niliyoweza, na ninachokumbuka zaidi si viungo, ingawa kila ulimi uliingia kwenye tundu lake kwa kugongwa na kiganja tu, bila msumari. Nakumbuka polishi. Mzee hakutumia kompresa. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana, na ndani yake bonge la pamba lililofungwa kwa kitambaa cha shuka kuukuu, ukubwa wa yai la bata. Shelaki aliiroweka kwenye spiriti tangu jana yake. Alichovya, akakamua, akaweka tone la mafuta, akaanza kuzungusha juu ya ubao mizunguko midogo inayopishana, kisha mirefu, kisha kama anaandika nane ambayo haina mwisho. Mkono unaingia ukiwa tayari unakwenda na unatoka ukiwa bado unakwenda. Ukisimama juu ya ubao hata kwa pumzi moja, kitambaa kinaganda na kung'oa kazi ya wiki. Tabaka moja halionekani. Anapumzika, anangoja, anarudia. Alipaka juu, akageuza meza, akapaka chini kwa idadi ileile.

Sehemu moja ya ukingo ilikuwa na mstari wa manjano, sehemu ya mti iliyo karibu na ganda, isiyo nyekundu. Nilidhani ataufunika kwa rangi. Hakuufunika. "Hii ndiyo miaka yake ya mwisho," alisema, akipitisha kidole.

Kuna jambo linanikera kila ninaponusa polishi, nalo ni la zamani kuliko mimi. Karne ya 19, watu wa Uzaramo na pwani walichimba sandarusi kwenye mchanga: utomvu wa msandarusi uliokaa ardhini hadi ukawa jiwe, mara nyingi mahali ambapo mti wenyewe haupo tena. Ukioshwa ulionyesha vipele kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, na kwa vipele hivyo wanunuzi waliujua kuwa umekomaa. Ule mbichi, uliotoka mtini moja kwa moja, watu wa pwani waliuita chakazi. Wafanyabiashara wa kigeni wakalivuruga jina hadi likawa neno lao la punda dume. Ulipita Unguja, ukapakiwa kwenye meli za Salem, Massachusetts, kwani Marekani ilikuwa na mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said tangu 1833. Huko ulipikwa ukawa vanishi, ukapakwa magari ya farasi na samani za watu. Baadaye zikaja vanishi za kiwandani, na mashimo ya Uzaramo yakajifukia. Leo tunanunua makopo yenye maandishi tusiyoyasoma ili kuipa paina mbichi sura ya mti wetu wenyewe. Mninga nao umeanza kuwa hadithi. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa 2003, magogo ya Kilwa na Rufiji yalipata njia rahisi ya kwenda bandarini, na mafundi wa Keko watakwambia walivyouona mninga ukipanda bei na kupungua upana. Mzee alisema zamani alipata juu ya meza kwa mbao mbili. Yetu ina tano.

Alikuwa na kijana akimsaidia mwanzoni. Katikati ya kazi kijana alihamia kwenye fremu za aluminiamu, ng'ambo ya barabara, ambako analipwa kila jioni. Mzee hakumlaumu. "Huku kuna kungoja kwingi," alisema tu.

Mwaka jana mpwa wangu alinipigia simu usiku. "Mjomba, naomba usikasirike." Mgeni alikuwa ameweka sufuria ya pilau mezani bila kitu chini yake, na sasa palikuwa na duara jeupe. Nilicheka, maana meza ya mama ilikuwa na duara kama hilo, la birika, na polishi ya mkono ndivyo ilivyo: haipendi moto, lakini inasamehe. Nilijua dawa yake, nilikwisha kumwona mzee akiifanya. Kitambaa kilekile, spiriti kidogo, dakika chache.

Jumamosi nikaenda Keko. Banda lilikuwa pale, kenchi tupu, na ndani cheche za kuchomelea zilikuwa zikiruka. Wanatengeneza grili za madirisha. Mzee alikuwa amerudi kwao, magharibi, miezi mitatu nyuma, mgongo, walisema. Simu yake ilikuwa haipatikani. Kijana wa grili alikumbuka kuwa kuna vitu vyake vilibaki kwenye kona, akaniletea kopo la maziwa. Ndani ya gari nililifungua. Mtu fulani alikuwa amelifungua kabla yangu na hakukaza mfuniko. Kitambaa bado kilikuwa na umbo la vidole vya mzee, kimekakamaa, cha rangi ya asali, kigumu kama sandarusi. Nilikigonga kwenye usukani kikatoa sauti ya jiwe.